Bwawa na mto ulio chini yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtiririko na ubora wa maji

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaolima, wanaovua, wanaofuga au wanaochota maji chini ya bwawa kubwa, na kwa yeyote anayetaka kuelewa kwa nini mto wao haufanani tena na ule waliousikia kwa wazee. Utaona hoja moja ikijirudia: hali ya mto wa chini huamuliwa zaidi na saa ambayo maji yanafunguliwa, kina yanakotolewa, na vitu vinavyobaki nyuma ya ukuta. Mambo hayo matatu yako mikononi mwa binadamu, na ndiyo maana yanafaa kuulizwa.

Maji yanayoingia bwawani si ndiyo hayo hayo yanayotoka?

Sehemu kubwa ndiyo, lakini hayatoki wakati ule ule wala yakiwa na hali ile ile. Kwanza, jua huchukua chake. Misri na Sudan zilipogawana maji ya Nile kwa mkataba wa 1959, zilikadiria kwamba kilomita za ujazo 84 hufika Aswan kwa mwaka, na kati ya hizo 10 zikahesabiwa mapema kuwa ni hasara ya bwawa kubwa ambalo ujenzi wake ulikuwa haujaanza. Maji yakigeuka mvuke, chumvi haiondoki nayo, kwa hiyo yanayobaki huzidi chumvi kidogo. Halafu kuna yanayochepushwa kwenda mashambani na mijini, ambayo mengi hayarudi mtoni.

Kinachosahauliwa ni muda. Katika bwawa dogo la kupitisha maji, tone moja hukaa saa chache au siku chache. Katika Kariba, lenye uwezo wa kushika takriban kilomita za ujazo 180, maji ya Zambezi hukaa miaka. Ukitaka kubashiri bwawa litaufanyia nini mto, uliza hilo kabla ya mengine yote. Maji yaliyopita kwa siku mbili hubadilika kidogo tu. Yaliyolala mwaka mzima hutoka yakiwa na joto tofauti, oksijeni tofauti, na bila tope lake.

Tangu bwawa lijengwe mto wetu haukauki kiangazi. Hiyo si faida?

Ni faida kwa mwenye pampu na kwa mji unaochota maji mtoni, na si haki kuibeza. Lakini kupanda na kushuka kwa mto ni sehemu ya uhai wake. Samaki wengi wa mito ya nchi za joto huanza safari ya kutaga pale maji yanapopanda na kuchafuka. Hutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, ambako vifaranga hupata chakula na maficho. Mto ukikaa kimo kimoja mwaka mzima, ishara hiyo haiji. Visima vya bondeni navyo hujazwa na maji yaliyotuama juu ya ardhi kwa wiki kadhaa. Mkondo unaopita ndani ya kingo zake, hata uwe wa kudumu, haufikishi maji kwenye visima vilivyo mbali na mto.

Mto Tana nchini Kenya ni mfano mzuri. Ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, Wapokomo wakilima ardhi iliyoachwa na maji, na Waorma wakishusha ng'ombe deltani wakati wa ukame kwa sababu ndiko majani yalikobaki. Baada ya mabwawa ya juu kujengwa, likiwemo Masinga la 1981, mafuriko yale ya wastani yalipungua. Yale makubwa kupita kiasi bado huja. Kwa hiyo watu wa chini wakapoteza mafuriko yenye manufaa na kubaki na yenye madhara.

Wapo waliolifikiria hili mapema. Bwawa la Itezhi-Tezhi kwenye mto Kafue, Zambia, lilipojengwa miaka ya 1970, liliongezewa nafasi ya kuhifadhi maji ya kufungua mita za ujazo 300 kwa sekunde kwa wiki nne kila Machi, ili uwanda wa Kafue ulio chini uendelee kufurika. Kutenga maji ni hatua moja. Kuyafungua kwa wakati unaolingana na mvua ya mwaka huo ni kazi nyingine, na hapo ndipo mipango mingi ya aina hii hulegalega.

Je, bwawa hukomesha mafuriko?

Madogo na ya kati, mara nyingi ndiyo. Makubwa, inategemea nafasi iliyobaki siku mvua inapokuja. Bwawa la umeme linatakiwa liwe limejaa, la kuzuia mafuriko linatakiwa liwe na nafasi tupu, na lililopewa kazi zote mbili huwa na mvutano kila msimu. Likishajaa, maji yanayoingia lazima yatoke kupitia utoro, yaani njia ya kumwaga maji yaliyozidi, kwa sababu maji yakipanda juu ya ukuta bwawa lenyewe linaweza kubomoka. Mwaka 2023 nchini Ghana, maji yalipopanda sana katika bwawa la Akosombo kwenye mto Volta, yalifunguliwa mwezi Septemba na Oktoba, na maelfu ya watu wa chini wakalazimika kuhama makazi yao.

Hatari hiyo hukuzwa na miaka mingi ya utulivu. Watu huona mto haupandi tena, hujenga na kulima hadi ukingoni. Mtu mzima mwenye watoto anaweza kuwa hajawahi kuona mto huo ukifika pale alipojenga nyumba. Ramani ya eneo litakalofunikwa utoro ukifunguliwa wote inapaswa kubandikwa hadharani katika kila makazi ya chini, na sioni sababu yoyote halali ya kuifungia kabatini.

Kwa nini mto hupanda na kushuka ndani ya siku moja wakati hakuna mvua?

Kwa sababu ya umeme. Matumizi hupanda jioni, mitambo inaongezwa, maji mengi yanapita. Usiku wa manane mahitaji hushuka na mitambo hupunguzwa. Karibu na ukuta, kina kinaweza kubadilika kwa mita nzima au zaidi ndani ya muda mfupi.

Ukifika kingoni muda mfupi baada ya mitambo kupunguzwa, utaona mstari wa unyevu kwenye mchanga, na chini yake vidimbwi vilivyokatwa na mkondo. Ndani yake mna vifaranga wa samaki wamejazana, vinywa juu, wakihema. Jua likipanda, vidimbwi hukauka. Wadudu wa majini na konokono waliong'ang'ania mawe nao hubaki nje. Jambo hili likijirudia kila siku, ukanda wote wa kando ya mto hugeuka kuwa mahali ambapo hakuna kiumbe kinachodumu.

Kingo pia huumia. Mto ukishuka ghafla, maji yaliyonywewa na udongo wa ukingo hayawahi kutoka, na uzito wake huangusha ukingo mapande kwa mapande. Dawa yake inajulikana: kupunguza maji polepole, na kujenga bwawa dogo la chini linalopokea mawimbi hayo na kuyatoa kwa usawa.

Kwa wanaovuka mto kwa miguu au kuogelea chini ya mitambo: anga safi si dhamana. Sikilizeni king'ora, na kama hakuna king'ora, daini kiwekwe.

Maji yanatoka maangavu kuliko zamani. Kwa nini basi kingo na fukwe zinaliwa?

Uangavu huo ndio chanzo. Mto unapoingia bwawani hupoteza kasi, na mashapo uliyobeba huzama: kokoto na mchanga kwanza, pale mdomoni, na tope laini mbele zaidi. Maji yanayotoka chini ya ukuta yana nguvu ile ile ya kubeba lakini hayana mzigo, kwa hiyo huuchukua popote yanapoukuta, kwenye sakafu ya mto na kwenye kingo. Mchanga mwepesi huondoka, mawe makubwa hubaki, na sakafu ya mto hushuka. Nguzo za madaraja huachwa wazi, mdomo wa mfereji wa umwagiliaji hujikuta uko juu ya maji, na visima vya karibu na mto hushuka kina pamoja nao.

Mwishoni mwa safari kuna delta, ambayo ni udongo uliorundikwa na mto kwa maelfu ya miaka huku bahari ikiula kidogo kidogo. Bwawa kuu la Aswan lilianza kushika maji mwaka 1964 na kukamilika 1970. Tope la Nile likabaki nyuma yake, na pwani ya delta, hasa karibu na Rosetta, ikaanza kurudi nyuma kwa kasi kubwa. Wakulima nao walipoteza tope lililokuwa likirutubisha mashamba kila mwaka bila malipo, na mbolea za viwandani zikachukua nafasi yake.

Tope lile lile huliharibu na bwawa lenyewe. Sanmenxia, kwenye Mto Manjano nchini China, lilianza kushika maji mwaka 1960 na likajaa mashapo upesi kiasi kwamba wahandisi walilazimika kulitoboa njia mpya za chini ili tope lipite. Somo hilo lilitumika baadaye katika bwawa la Xiaolangdi kwenye mto huo huo, ambako tangu 2002 maji hufunguliwa kwa nguvu kwa makusudi ili yasukume mashapo hadi baharini.

Kwa nini maji yanayotoka bwawani ni baridi, hata wakati wa joto?

Ziwa lenye kina hujipanga kwa matabaka. Juu maji hupashwa na jua na huwa mepesi. Chini hubaki baridi na mazito, na matabaka hayo mawili hayachanganyiki mpaka upepo mkali au majira ya baridi yayakoroge. Matundu ya mitambo mara nyingi yako chini, kwa hiyo mto hupokea maji ya gizani.

Katika mto Colorado, Marekani, kabla ya bwawa la Glen Canyon kufungwa mwaka 1963, maji yalikuwa yakikaribia kuganda wakati wa baridi na kupita nyuzi joto 25 za Selsiasi wakati wa kiangazi. Baadaye yakawa nyuzi 8 hadi 10 hivi mwaka mzima. Samaki wa asili waliozoea mto wa joto na tope walishindwa kuzaana sehemu kubwa ya mto huo, na samaki wanaopenda baridi walioletwa na watu wakastawi. Kisha ukame wa miaka ya karibuni uliposhusha ziwa, matundu yakaanza kuvuta maji ya juu yenye joto, na samaki wavamizi wa ziwani wakapenya hadi mtoni. Bwawa halikuguswa, kilichobadilika ni kina tu.

Katika nchi za joto tofauti ya nyuzi ni ndogo zaidi, lakini matabaka huwepo, na hudumu kwa muda mrefu. Madhara yake makubwa huko huwa kwenye oksijeni.

Maji yananuka mayai viza na yanaacha madoa meusi. Ni nini hicho?

Ni dalili kwamba maji yametoka kwenye tabaka la chini lisilo na oksijeni. Majani, miti iliyozamishwa na mwani uliokufa huzama na kuoza. Uozaji hutumia oksijeni, na kwa kuwa tabaka la chini halipati hewa, oksijeni huisha. Hapo huingia bakteria wasiohitaji hewa, nao hutoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni, yenye ile harufu. Wakati huo huo madini ya chuma na manganizi, yaliyokuwa yametulia kwenye tope, huyeyuka na kupanda.

Chota maji hayo kwenye chupa safi karibu na ukuta. Mara ya kwanza ni maangavu kabisa. Yaache wazi, na taratibu yataanza kugeuka rangi ya chai, kisha vumbi jekundu lizame chini: chuma kimekutana na hewa. Manganizi huchukua muda zaidi, ndiyo maana huonekana mbali zaidi, kama utando mweusi kwenye mawe ya mtoni, ndani ya mabomba na kwenye nguo nyeupe. Mtambo wa kusafisha maji uliojengwa kwa ajili ya kuchuja tope hauwezi kuyaondoa bila hatua ya ziada ya kuyatia hewa au dawa.

Fosforasi nayo huachiliwa kutoka kwenye tope katika hali hiyo hiyo, na hiyo hulisha mwani.

Samaki hufa chini ya bwawa baada ya maji kufunguliwa. Sababu ni oksijeni?

Mara nyingi ndiyo. Samaki wengi huhitaji takriban miligramu 5 za oksijeni kwa lita ili waishi vizuri, na zikishuka chini ya 2 wengi hukimbia au hufa. Miaka ya kwanza ya bwawa jipya ndiyo mibaya zaidi, hasa kama msitu ulizamishwa bila kukatwa. Hilo lilitokea Petit-Saut, Guiana ya Ufaransa, bwawa lililoanza kujazwa 1994. Ikabidi kijengwe kizingiti chini yake, maji yaporomoke, yapate hewa na kuachia gesi ya methani.

Ipo hali ya kinyume. Maji yakianguka kutoka kwenye utoro mrefu hadi dimbwi lenye kina, husukumiwa hewa kupita kiasi chake, na samaki hupata viputo vya gesi ndani ya damu na mapezi. Tatizo hili limefuatiliwa sana katika mto Columbia, Marekani. Kwa hiyo ukikuta samaki wamekufa, angalia siku hiyo maji yalipitia mitambo au utoro, maana chanzo na tiba hutofautiana.

Maji yamekuwa ya kijani. Yakichemshwa yanafaa kunywa?

Hapana. Kijani kilichotanda kama rangi juu ya maji mara nyingi ni sayanobakteria, na baadhi yao hutengeneza sumu ya ini au ya neva. Kuchemsha huua vijidudu lakini huipasua seli na kuiachia sumu majini. Usinywe, usinyweshe mifugo, na usiogeshe watoto humo. Utando huo husitawi bwawani kwa sababu maji yametulia, yana joto, na yanapata virutubisho kutoka mashambani na majitaka ya juu. Kupunguza virutubisho hivyo ndiyo tiba ya kudumu.

Bwawa lililo mbali linawezaje kuleta chumvi karibu na bahari?

Kwenye mlango wa mto, maji ya mto yasiyo na chumvi na ya bahari husukumana. Mto ukidhoofika, bahari hupanda. Mashamba ya delta na visima huanza kuonja chumvi, na mikoko hubadilika. Kamba pia huathirika, kwa sababu wadogo wao hukulia kwenye maji yaliyochanganyika. Uvuvi wa kamba katika pwani ya Sofala, Msumbiji, umehusishwa kwa muda mrefu na maji ya Zambezi yanayodhibitiwa na mabwawa ya Kariba na Cahora Bassa.

Kuna magonjwa yanayohusiana na mabadiliko haya?

Yapo. Maji yaliyotulia, yasiyo na chumvi na yenye magugu hufaa konokono wa kichocho. Bwawa la Diama kwenye mto Senegal lilikamilika 1986 kwa lengo la kuzuia maji ya bahari yasipande. Lilifanikiwa, na mwaka 1988 kichocho cha tumbo kikaibuka katika mji wa Richard-Toll na kuenea kwa kasi. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba kamba wa mtoni, ambao hula konokono, hawakuweza tena kupita ukuta ule. Inzi weusi wanaosambaza ugonjwa wa usubi, kwa upande wao, hupenda maji ya kasi, hivyo huweza kuzaliana kwenye utoro.

Mtiririko wa kutunza mazingira ni kiasi gani? Asilimia kumi inatosha?

Asilimia isiyobadilika mwaka mzima ni rahisi kuandika kwenye kibali na ni dhaifu sana kwa mto. Ni bora kuliko kutoachia kitu: mto Snowy nchini Australia, baada ya bwawa la Jindabyne kukamilika 1967, ulibaki na takriban asilimia 1 ya maji yake pale chini ya ukuta, na ilichukua miongo kadhaa ya madai ya wananchi kabla ya maji kuanza kurudishwa. Lakini mto unahitaji kiwango cha chini cha kiangazi, mipando midogo mwanzoni mwa mvua, na mafuriko ya kufunika bonde kwa wiki kadhaa. Sheria ya Maji ya Afrika Kusini ya 1998 ilitenga akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto, kabla ya kugawia watumiaji wengine. Huo ndio mpangilio ninaouona kuwa sahihi.

Bwawa lililokwisha kujengwa linaweza kurekebishwa?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, na hili linapaswa kusemwa kwa sauti, kwa sababu wengi hukata tamaa mapema. Unaweza kuweka matundu katika vina tofauti ili kuchagua maji ya kutoa. Shasta, huko California, liliwekewa mtambo wa namna hiyo mwaka 1997 ili samaki wa samoni wapate maji ya baridi wanayoyahitaji kutagia. Unaweza kupuliza hewa ndani ya mitambo au chini ya ziwa, na kufungua njia za chini wakati wa mvua ili tope lipite. Unaweza pia kubadilisha ratiba ya ufunguaji bila kujenga chochote. Mwaka 1996 Glen Canyon lilifungua mafuriko ya majaribio kwa siku saba, na mchanga uliokuwa sakafuni ukapandishwa kando ukajenga fukwe upya. Fukwe hizo zililiwa tena baadaye, kwa hiyo zoezi limekuwa likirudiwa.

Pale bwawa lisipokuwa na faida tena, linaweza kuondolewa. Mabwawa mawili ya mto Elwha, Marekani, yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Mashapo yaliyonaswa kwa karibu karne yakashuka, mlango wa mto ukajijenga upya, na samoni wakapanda kupita pale kuta ziliposimama.

Sisi wa chini tunaweza kupima nini wenyewe?

Zaidi ya mnavyodhani. Chomekeni mti wenye alama za kina mahali pa kudumu na mwandike kimo cha maji asubuhi na jioni, saa zile zile. Pimeni joto kwa kipimajoto cha kawaida, ndani ya mkondo, si kwenye dimbwi la kando. Andikeni tarehe za harufu, za rangi, za samaki waliokufa, na za kingo zilizoanguka. Kwa oksijeni, madini na sumu za mwani mtahitaji maabara au kifaa, na sampuli ichukuliwe siku tatizo linapoonekana, kwa sababu baada ya siku mbili linaweza kuwa limepita.

Kisha ombeni kumbukumbu za ufunguaji kutoka kwa msimamizi wa bwawa, pamoja na kina cha matundu yaliyotumika. Ombeni za saa kwa saa. Mkipewa wastani wa mwezi, mto uliopanda mita moja kila jioni na kukauka kila alfajiri utaonekana kwenye karatasi kuwa mto uliotulia.